Mteja Asiye na Meno

Colette alipoingia jikoni kwangu Jumamosi ile jioni hakusalimia. Alitupa funguo za gari mezani, akavua skafu, akanitazama kama mtu aliyebeba habari inayomuunguza ulimi.

"Mama, yule mzee wako hana meno."

Nilikuwa nimeinama mbele ya oveni natoa trei ya kashata. Sikugeuka. "Mzee gani?"

"Usijifanye hujui. Merrill Cobb. Yule anayekuja sokoni kununua kashata zako kila Jumamosi."

"Meno anayo. Nimeyaona. Meupe kuliko yako."

"Ya bandia! Nimetoka kumwona sasa hivi pale mgahawani kwa Doreen. Ameyatoa, ameyaviringisha kwenye karatasi ya kufutia mikono, ameyaweka kando ya bakuli, anakunywa supu ya maboga. Mdomo umebonyea kama mfuko uliovutwa kamba."

Nilicheka mpaka nikaiweka trei chini nisije nikaiangusha. Lakini binti yangu hakucheka. Colette ana uso wa marehemu baba yake, Reggie. Akikasirika, nyusi zinakutana katikati.

"Cheka tu," akasema. "Halafu ukimaliza kucheka nijibu. Mtu hana hata jino moja la kwake, na kila wiki ananunua kashata ngumu kuliko zote jimboni Vermont. Anazifanyia nini?"

Nikaitazama trei.

Kashata zangu ni za oti, asali na kokwa za jozi, na sifa yake kubwa ni kwamba zinalia. Ukiuma, mtu aliyekaa chumba cha pili anajua umeuma. Wanaopanda milima wanazinunua, wanafunzi wanazinunua, na wakata miti wanazitia mfukoni asubuhi. Lakini mtu asiye na meno?

"Labda anampelekea mtu," nikasema.

"Nani? Anaishi peke yake kule nyuma ya kiwanda cha mbao. Hajawahi kuoa. Mama, mimi sina ubaya na mtu, lakini tuambiane ukweli. Ama anakutaka wewe, ama anaitaka hii nyumba."

"Mimi? Na uzee huu?"

"Basi ni nyumba," akasema, na mara tu aliposema hivyo akaona haya. "Sikumaanisha hivyo, Mama."

"Umemaanisha. Keti, nikupakulie supu."

Colette anaishi Burlington na hunitembelea mwisho wa juma. Tangu Reggie afariki amejifanya askari wangu. Namshukuru, ila kuna siku najisikia kama mfungwa anayeletewa maua.

Usiku ule nilipojilaza, kichwa hakikuniacha. Nilianza kumkumbuka Merrill kwa namna ambayo sikuwahi kumwangalia. Kwa nini huja mwisho, wakati wenzangu sokoni wameshaanza kukunja meza zao? Kwa nini haulizi bei, ila anauliza kila kitu kingine? "Wiki hii asali ni ya nani, Bi Verna?" "Jozi umezikaanga pamoja na oti au mbalimbali?" Kisha huchukua kashata moja, anaiinua mpaka sikioni, anaivunja. Kacha! Hutabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilidhani ni mzaha wa mteja. Sasa nikakumbuka kwamba kwa miezi yote ile, hakuwahi kuionja mbele yangu.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Colette alitoka kwenda kumwona rafiki yake.

"Nitarudi jioni kuchukua begi langu," akasema. "Usiende popote, mvua inakuja."

"Niende wapi?" nikamjibu.

Gari lake lilipoishia kwenye kona, nikachukua koti.

Nyumba ya Merrill ni ndogo, rangi ya kijani, kuni zimepangwa ukutani kwa unadhifu kama vitabu. Nilibisha hodi nikiwa sijui nitasema nini. Sikuwa nimebeba hata kisingizio.

Akafungua. Alikuwa amevaa sweta lenye tundu kiwikoni, na miwani ameipandisha kichwani. Aliponiona akaziba mdomo kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyofifia, "Ngoja kidogo," akakimbilia ndani. Aliporudi, meno yalikuwa mahali pake.

"Bi Verna. Kuna nini? Umepatwa na jambo?"

"Ndiyo," nikasema. "Nimepatwa na swali."

"Swali?"

"Kashata zangu unazifanyia nini?"

Akanitazama. Nikamtazama. Masikio yake yakaanza kuwa mekundu, kwanza moja, halafu la pili.

"Nani amekuambia?"

"Mji huu una watu wangapi, Merrill? Niambie wewe mwenyewe."

Akasogea kando nipite. Jikoni kwake kulikuwa na joto la jiko la kuni na harufu ambayo pua yangu iliitambua upesi, kwa sababu ni harufu ya nyumba yangu. Mezani palikuwa na mashine ya mkono ya kusagia kahawa, ile ya zamani yenye droo chini. Kando yake, karatasi yangu ya kufungia, imekunjuliwa. Kando yake tena, bakuli la maziwa ya moto na kijiko.

Nikavuta droo ya mashine. Haikuwa na kahawa. Ilikuwa na unga wa rangi ya dhahabu, na vipande vidogo vidogo vya jozi.

"Unazisaga," nikasema.

"Ninazisaga."

"Unazisaga!" Sijui hasira ilitoka wapi. "Merrill Cobb, unajua nimehangaika miaka mingapi ili kashata zile zisimeng'enyeke? Nimeunguza trei ngapi? Mwanzoni zilikuwa laini kama keki, halafu zikawa zinamwagika kama mchanga, nikalia, Reggie akawa anazila kwa kijiko ili nisijisikie vibaya. Nimezipata sasa, zimekaa sawa, zinalia, halafu wewe unazigeuza uji?"

"Uji mtamu sana," akasema kwa unyenyekevu.

"Ungeniambia! Ningekutengenezea laini."

"Ndiyo maana sikukuambia. Sizitaki laini."

"Kwani unazitafuna?"

"Nilijaribu. Haya ya bandia hayana adabu. Nikiuma, kashata inabaki na meno, mimi naondoka na ufizi."

Nilijitahidi nisicheke. Nikang'ang'ania hasira yangu, lakini ilikuwa inaniponyoka.

"Basi ningekuuzia unga," nikasema. "Ingekuwa rahisi kwako na kwangu."

Alishusha miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, hakuniangalia. "Ungekuwa unauza unga, Bi Verna, nami ningesimama mezani kwako nauliza nini? Unga hauna maswali. Mtu ananunua anaondoka."

Nilijikuta nimekaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Macho yake ni ya kijivu. Sikuwa nimeyaona mchana, ndani ya nyumba, bila upepo wa sokoni.

"Ila kwa nini hizi?" nikauliza, kwa sauti nyingine. "Huko sokoni kuna mkate, kuna jibini, kuna vitu laini tele. Kwa nini kashata?"

"Kwa sababu nilizila nikiwa bado na meno."

"Lini? Nimeanza kuuza juzi juzi tu, baada ya Reggie."

"Hukuniuzia. Uliniwekea." Akarudisha miwani machoni. "Kwenye sanduku la barua, pale barabarani. Kila Krismasi. Kifurushi cha karatasi, umeandika juu yake, 'Dereva.'"

Nikashika ukingo wa meza.

Kila mtu kwetu humwekea kitu dereva wa lori la kuondoa theluji wakati wa Krismasi. Hupita kabla hakujapambazuka, unaona taa tu na kusikia chuma kikikwaruza lami, na ukiamka barabara iko wazi. Uso wake huujui. Ni kama malaika, isipokuwa ananuka dizeli.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mpaka nilipostaafu."

Na hapo likaja swali lingine, la zamani, ambalo nilikuwa nimekwisha kulisahau. Majirani zangu wote walikuwa wakilaani lile lori, kwa sababu likipita humwaga ukuta wa theluji mbele ya lango la kila nyumba, na mtu hutumia asubuhi nzima kuuchimba. Kwangu halikufanya hivyo. Reggie alikuwa akisema ni upepo wa bondeni.

"Lango langu," nikasema. "Halikuzibwa hata mara moja."

"Nilikuwa nainua jembe la kusukumia theluji nikifika pale, nalishusha nikishapita."

"Kwa nini?"

"Waliponipa njia ile, nikaona mteremko wa mbao mlangoni kwenu. Nikasema, nyumba hii ina mtu wa kiti cha magurudumu. Watu wa namna hiyo hawajui saa watakayohitaji kutoka." Akainua mabega. "Halafu Krismasi ikaja, nikafungua kifurushi ndani ya lori, giza, baridi, nikauma. Kacha! Nikashtuka, nikadhani kioo kimepasuka. Nikajiuliza, ni nani huyu anayepika kitu chenye sauti hivi? Nimejiuliza tangu siku hiyo."

Mvua ilianza kugonga paa. Nilitamani kusema jambo la maana. Nikasema, "Vaa koti."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwangu. Ukija kuisaga tena kazi yangu, angalau uwe unajua unasaga nini."

Jikoni kwangu nilimfunga aproni ya Reggie. Nilisita nayo mkononi, yeye akaona nimesita, akasema, "Naweza kufanya bila." Nikamwambia hapana, asali haitoki kwenye sweta.

"Kwanza oti," nikasema. "Zikaange kavu. Usiache kukoroga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jikoni kunukie kama mtu anakupenda."

Akanigeukia. Nikajifanya natafuta siagi.

Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Kwa nini jozi zinakatwa na hazipondwi? Kwa nini chumvi, ikiwa ni kitu kitamu? Nilipochemsha asali na siagi na sukari nyekundu, nikaongeza sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa miti ya kwetu, alikuja kusimama nyuma yangu achungulie sufuria, na nikahisi joto lake mgongoni. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu mwingine ana joto.

"Unajuaje imeiva?"

"Mapovu yanakuwa makubwa na mavivu. Angalia. Sasa hivi."

Tukamwaga, tukachanganya, tukatandaza kwenye trei. Nikampa sufuria ndogo nzito yenye kitako bapa.

"Kandamiza."

Akagusa kidogo tu, kama anambembeleza paka.

"Kandamiza, Merrill! Zisiposhikana sasa hazitashikana tena."

"Nitaharibu."

"Mtu aliyesukuma theluji ya wilaya nzima!" Nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake, nikaegemea. Tukakandamiza pamoja, kona moja, kona ya pili. Mikono yake ni mikubwa, ina makovu ya baridi. Tulipofika kona ya mwisho hakuna aliyekuwa wa kwanza kuondoa mikono.

"Halafu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Zinarudi kwenye oveni, moto mdogo. Zikitoka tunazikata zingali moto. Halafu hatuzigusi mpaka zipoe kabisa. Ukizitoa na haraka zako, zinavunjika."

"Na sisi?"

"Sisi nini?"

"Sisi tunafanya nini wakati zinapoa?"

Nikamtazama. Akanitazama. Trei iliingia, ikatoka, tukakata mistari kwa kisu kirefu, na jibu lake nilikuwa bado sijampa, ingawa nilikuwa nalo, nilipousikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

Colette akasimama kwenye mlango wa jikoni, maji yakimtiririka. Aliangalia trei. Akamwangalia Merrill. Akaiangalia aproni.

"Hiyo ni ya baba," akasema.

"Mimi ndiye niliyempa," nikasema.

Merrill alianza kufungua kamba mgongoni, vidole vikakosa fundo. "Samahani, Bi Colette. Nitaivua."

"Usivue. Nijibu kwanza. Unataka nini kwa mama yangu?"

"Colette!"

"Mama, niache. Bwana Cobb, nimekuuliza kwa heshima."

"Nami nitakujibu kwa heshima," Merrill akasema. "Sijui bado chote ninachotaka. Nataka kumjua. Kila nikijua kitu kimoja, nagundua kuna kingine."

"Maneno matamu." Sauti yake ikaanza kukatika. "Kila mtu sasa anamjua mama. Anauza kashata, anacheka, kapendeza. Lakini alipokuwa anamnyanyua baba kitandani walikuwa wapi hao? Asubuhi ile baba alipozidiwa, theluji imefika madirishani, tuko ndani ya gari la wagonjwa, mimi na mama tumemshika mikono, dereva anasema hajui kama tutafika. Hapakuwa na mtu tunayemjua. Tulikuwa peke yetu na baba. Wewe ulikuwa wapi?"

Merrill aliliacha fundo la aproni.

"Mbele yenu," akasema.

Colette akakunja nyusi. "Nini?"

"Nilisikia kwenye redio ya lori kwamba gari la wagonjwa linakwenda kwenu, kwa Thibault. Niliacha njia yangu. Nilikuwa mbele yenu, tangu lango hili mpaka mlango wa hospitali."

Mimi mwenyewe sikujua kwamba alikuwa yeye. Nilitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

"Taa ya njano," Colette akasema polepole. "Ilikuwa inazunguka. Niliiona kwenye kioo cha mbele safari nzima. Nilikuwa namwambia baba, tazama, kuna mtu anatufungulia njia." Akafuta uso kwa mkono uliolowa, haukusaidia kitu. "Alitabasamu. Alikuwa hawezi kusema tena, lakini alitabasamu."

"Sikujua hilo," Merrill akasema. "Asante kwa kuniambia."

"Tulifika. Tukapata siku tatu naye. Ndugu zake wote wakawahi kuja." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukusema? Muda wote huu?"

"Ningesemaje? Nibishe hodi kwa mjane, niseme, ni mimi yule? Ingekuwa kama nadai. Basi nikawa nanunua kashata."

"Ambazo huwezi kuzila."

"Ambazo nazila kwa kijiko," akasema Merrill, na kwa mara ya kwanza binti yangu akacheka, kicheko kilichojaa machozi. Akavuta kiti, akakaa na koti lake bichi. Akaanza kumuuliza. Theluji ilikuwa kina gani pale mlimani? Aliona nini mbele? Aliogopa? Yeye akawa anajibu taratibu, mikono kwenye aproni ya Reggie, nami nikawa nawatazama wote wawili, mwenye uso wa mume wangu na mwenye macho ya kijivu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa msichana aliyetumwa dukani akakutana na mvulana njiani.

Nilikuwa na maswali yangu pia, mengi. Kama anapiga miluzi asubuhi. Kama anaogopa kufa. Kwa nini hakuoa. Lakini umri wangu hauniruhusu kuanza mbali. Nikachagua moja.

"Merrill," nikasema.

"Naam, Bi Verna."

"Huwa unalala upande gani wa kitanda?"

"Mama!" Colette akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Masikio ya Merrill yalianza tena kuwa mekundu, moja, halafu la pili, na wekundu ukashuka mpaka shingoni. Alimwangalia Colette, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. Colette akaziba uso kwa viganja vyote viwili, lakini nilimwona akichungulia kati ya vidole.

"Wa dirishani," Merrill akasema.

"Vizuri," nikasema. "Mimi ni wa mlangoni."